Binti wa Miaka 15: Mtoto, Mke au Mtu Mzima? Haki za Afya ya Uzazi kwa Vijana wa Kusini

Mchukue binti wa Kitangari, huko Newala, aliyetimiza miaka 15. Amemaliza darasa la saba na hakuendelea na sekondari. Alivunja ungo akiwa na miaka 12, akachezwa unyago likizo ya Desemba, na siku ya kutolewa nje, kapakwa mafuta na kuvishwa khanga mpya, shangazi na mama wadogo walimpigia vigelegele kwamba sasa amekua. Nyumbani, basi, ni mtu mzima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema ni mtoto, na atabaki mtoto mpaka atimize 18. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema anaweza kuwa mke wa mtu, baba yake akiridhia. Sheria ya kudhibiti Ukimwi inamruhusu kupima VVU mwenyewe bila mzazi kumkubalia. Miongozo ya uzazi wa mpango ya Wizara ya Afya haikumwekea umri wowote. Akikutana kimwili na kijana wa miaka 19, hata kama wamependana, Kanuni ya Adhabu inasema amebakwa. Wakifunga ndoa, Kanuni hiyohiyo inasema hakuna kosa.

Siku ya kuzaliwa ni moja, majibu hayafanani. Na binti huyu ndiye tunayemwambia kila siku kwenye semina: jua haki zako. Azijue vipi, ikiwa kila mlango anaobisha una hesabu yake ya umri?

Mimi ni kijana wa Masasi. Matumaini yangu kuhusu afya ya uzazi si makubwa kiasi cha kuhitaji katiba mpya. Haki nyingi ninazozitamani kwa vijana wenzangu wa Mtwara na Lindi zimeshaandikwa. Zimeandikwa vipandevipande, katika nyaraka ambazo kijana hazioni na mhudumu wa zahanati mara nyingi hajazisoma, na kipande kimoja, kile cha ndoa, kinaivuruga kazi ya vingine vyote. Nataka kuvipitia kimoja kimoja, kwa sababu kuna vijana wanaumia huku huduma ikiwa umbali wa kilomita mbili.

Tuanze na maana yenyewe. Mwaka 1994, katika mkutano wa kimataifa wa idadi ya watu na maendeleo uliofanyika Cairo, mataifa yalikubaliana kwamba watu wana haki ya kuamua kwa hiari yao wazae au wasizae, watoto wangapi, wapishane kwa muda gani, na wawe na taarifa na njia za kutekeleza uamuzi huo bila kubaguliwa, kulazimishwa wala kufanyiwa ukatili. Tanzania iliridhia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 1985, mkataba wa haki za mtoto mwaka 1991, na Itifaki ya Maputo ya haki za wanawake wa Afrika mwaka 2007. Itifaki hiyo inasema wazi kwamba mwanamke asiolewe chini ya miaka 18. Ila kwa mfumo wetu wa sheria, mkataba wa kimataifa hauna nguvu ya moja kwa moja mahakamani mpaka Bunge liutungie sheria ya nchi. Hapo ndipo ahadi nyingi hukwama: tumesaini Maputo, lakini anayekuja na posa Tandahimba anaangalia sheria ya 1971.

Unyago na jando

Huwezi kuzungumza afya ya uzazi Kusini ukauruka unyago. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, hii ndiyo shule ya kwanza ya mwili, na kwa wengi ndiyo pekee waliyoisoma kwa makini. Mwali, yaani msichana anayechezwa (wakiwa wengi, wali), anakaa na wenzake, anafundishwa na kungwi anayemwamini, chini ya usimamizi wa nyakanga, mkuu wa makungwi, kwa nyimbo ambazo hatazisahau mpaka uzeeni. Anafundishwa usafi wa hedhi, heshima kwa wakubwa, siri za nyumba na namna ya kuishi na mume. Hakuna mwalimu wa sayansi mwenye wanafunzi tisini darasani anayeweza kufundisha jambo likakaa namna hiyo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema unyago upigwe marufuku. Nao walioutetea kwa kusema "ni mila zetu, tuachieni" nina la kuwauliza. Mila yenyewe ilimngoja msichana avunje ungo. Siku hizi wanapelekwa watoto wa miaka minane, tisa, ambao hata dalili za kubalehe hawajaziona. Sababu inajulikana na kila mzazi: sherehe ni ghali, unga, mchele, nguo, wapiga ngoma, kwa hiyo mwenye mabinti watatu anaona bora awacheze wote mwaka ambao korosho imelipa. Matokeo yake ni kwamba somo la kumridhisha mume anapewa mtoto wa darasa la tatu. Anatoka nje, mtaa mzima unajua "ameshachezwa", na wapo wanaume wanaoisikia sentensi hiyo kama ruhusa.

Na kwenye mafundisho yenyewe kuna pengo. Mwali anaambiwa akae mbali na wanaume, lakini mara chache anaelezwa mimba inaingiaje, siku zipi za mzunguko ni za hatari, kisonono na kaswende vinaonekanaje, au amwambie nani mjomba akimshika. Anafundishwa kukubali kwa adabu. Kukataa kwa adabu hakufundishwi, na ni stadi inayohitajika mapema zaidi.

Kwamba mambo haya hayabadiliki si kweli, na historia ya Masasi inaonyesha. Mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari wa Kianglikana waliona kwamba wakikataza jando, waumini wao wangeendelea nalo kwa siri. Wakiongozwa na Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuwa Askofu wa Masasi, walitengeneza jando la Kikristo: kambi ya porini ikabaki, tohara ikabaki, mafundisho na dua vikabadilishwa. Mtu anaweza kuwalaumu kwa mengi, lakini walichokifanya kinathibitisha kwamba wazee wa wakati ule walikaa, wakajadiliana na kukubali mtaala mpya ndani ya mila ileile. Na hata sasa jando linabadilika mbele ya macho yetu: familia nyingi zinampeleka mtoto akatahiriwe hospitali, au zinamwita tabibu, kisha ndipo aingie kambini kufundishwa. Wembe wa ngariba uliopita kwa watoto kumi umeanza kuogopwa, na ni haki kuogopwa.

Kama tohara ya wavulana imeweza kumkaribisha muuguzi, sioni kwa nini chumba cha wali kisimkaribishe.

Ndoa

Hapa ndipo penye fundo lenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa kinasema mwanamume asioe kabla ya miaka 18 na mwanamke asiolewe kabla ya miaka 15. Mahakama inaweza kuruhusu hata wenye miaka 14 kukiwa na sababu maalumu. Kifungu cha 17 kinasema msichana ambaye hajatimiza 18 aolewe kwa ridhaa ya baba yake. Baba akiwa amefariki, mama. Wote wakiwa hawapo, mlezi. Ridhaa ya mzazi, basi, ndiyo inayomgeuza mtoto kuwa mke.

Kwa watu wa Kusini kuna jambo la ziada ambalo sheria hiyo haikuliona. Sisi wengi wetu ni watu wa ukoo wa mama. Kwa desturi, neno zito kuhusu mpwa huwa la mjomba, na bibi mzaa mama ana sauti kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya 1971 ilikuja na kumkabidhi baba saini. Nimeona mjadala wa posa ambapo mama na mjomba hawataki, baba anataka, na hoja ya baba inaishia kwenye "sheria inanitambua mimi". Si kwamba wajomba wote ni watetezi. Wapo wanaopokea fedha vilevile. Lakini mlango mmoja wa kumtetea binti ulizibwa bila mtu wa Kusini kuulizwa.

Mwaka 2016 mwanaharakati Rebeca Gyumi alifungua shauri Mahakama Kuu akidai vifungu hivyo viwili vinavunja Katiba kwa kumbagua mtoto wa kike. Tarehe 8 Julai 2016 mahakama ilikubaliana naye na kuipa Serikali mwaka mmoja kuirekebisha sheria ili umri uwe 18 kwa wote. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani, iliyo ya juu kuliko zote nchini, ikaitupa rufaa hiyo. Ungetarajia jambo liishie hapo. Lakini kurekebisha maandishi ya sheria ni kazi ya Bunge, na mwaka 2024 ulifika vifungu vikiwa bado vinasomeka vilevile, huku ikielezwa kwamba maoni ya wananchi na ya viongozi wa dini yanaendelea kukusanywa.

Ukimya huo una gharama. Mtendaji wa kijiji anayetaka kuzuia ndoa ya binti wa miaka 16 anaweza kuoneshwa kitabu cha sheria. Na kile kifungu cha Kanuni ya Adhabu kinachosema kufanya ngono na msichana chini ya miaka 18 ni ubakaji, kinaweka pembeni mke mwenye miaka 15 au zaidi anayeishi na mumewe. Kwa hiyo mwanamume wa miaka 40 anayemtaka binti wa miaka 15 ana njia mbili: moja inampeleka jela miaka 30, nyingine inampeleka kwa baba wa binti akiwa na mahari. Sheria ya kulinda na sheria ya kuoza zimepishana mlangoni.

Wazazi wanaowaoza binti zao si wanyama, na nisingependa wasomwe hivyo. Wengi wanaogopa mimba ya nyumbani. Wanahesabu: binti hayuko shule, hana kazi, vijana wa bodaboda wanapita kila jioni, msimu wa mnada wa korosho ukifika Oktoba fedha zinazagaa kijijini na kila mwenye elfu hamsini ni bwana. Bora aondoke kwa heshima. Naielewa hofu hiyo. Lakini ndoa haiiondoi hatari waliyoiogopa, inaihalalisha tu: mimba ile ile, kwenye nyonga zile zile ambazo hazijakomaa, inakuja mapema zaidi na bila mtu wa kuhoji. Uchungu unaokwama kwa msichana ambaye mwili wake haujamaliza kukua ndio chanzo kikubwa cha fistula, tundu linalovujisha mkojo bila hiari, na fistula humrudisha kwao akiwa ananuka mkojo na ameachika.

Shule kama ukuta

Kinachomlinda msichana kwa nguvu zaidi kuliko umri wake ni sare ya shule. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu iliongezewa kifungu kinachokataza mtu yeyote kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, na anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Hapo baba hana saini ya kutoa. Mwaka huohuo ada ziliondolewa mpaka kidato cha nne.

Sasa rudi kwa binti wa Kitangari. Angekuwa kidato cha pili, ndoa yake ingekuwa jinai. Kwa kuwa hayuko shule, ni harusi. Tofauti yao ni daftari. Ndiyo maana naona kumbakiza msichana shuleni ni suala la afya ya uzazi kuliko hata matangazo ya redio, na ndiyo maana taulo za kike, ambazo wengi huzicheka, si jambo dogo: asiye nazo hukosa siku kadhaa kila mwezi, akirudi nyuma kimasomo huacha, na akiacha ukuta umeanguka. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo mwaka 2018, bei haikushuka madukani, na mwaka uliofuata kodi ikarudishwa. Ningependa kuona nafuu hiyo ikifika moja kwa moja shuleni, mkononi mwa mwalimu wa kike, si kupitia kwa wafanyabiashara.

Na aliyepata mimba? Kwa miaka mingi alifukuzwa, na Juni 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba mwenye mtoto hatarudi shule ya Serikali katika kipindi chake. Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanaokatisha masomo, wakiwemo waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi. Hii ni haki inayotumika leo. Wazazi wengi vijijini hawajaisikia, na baadhi wanaoijua wanaona aibu kuitumia. Mwalimu mkuu hana mamlaka ya kumkataa binti kwa sababu tu amezaa. Asiyetaka kukaa darasa moja na wadogo zake anaweza kuuliza vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambako njia mbadala ya kumaliza sekondari ipo.

Kifungo cha miaka 30 nacho kina upande wake. Kwa uzito wake kinatisha, lakini kinasukuma familia zimalizane nyumbani. Mtuhumiwa anakuja usiku na mjomba wake, magunia ya korosho yanahesabiwa, binti anaambiwa akifika polisi amtaje mtu asiyejulikana. Kesi inakufa. Na upo uwezekano mwingine usiozungumzwa: mvulana wa miaka 19 na msichana wa miaka 17 waliopendana, ambao sheria haiwatofautishi na mzee aliyemwinda mtoto. Wavulana wa Kusini hawaambiwi hili kambini wala darasani. Wanalijua wakiwa mahabusu.

Benchi la kliniki

Lindi ina sifa ambayo wengi hawaijui. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16, mkoa huo uliongoza nchi nzima kwa wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa za uzazi wa mpango: takribani nusu yao. Kwa hiyo asiwepo wa kusema watu wa Kusini ni wazito wa kuelewa mambo haya. Mama zetu wanaelewa, na wanatumia.

Shida ni kwamba huduma yenyewe imekaa kwa ajili ya mama. Zahanati nyingi hutoa uzazi wa mpango kwenye kliniki ya mama na mtoto, asubuhi, kwenye benchi moja na wajawazito na wenye vichanga. Binti asiyeolewa akikaa pale, jirani anamuuliza, "Wewe mwanangu umefuata nini?" Kabla hajafika dirishani habari imeshafika nyumbani. Akimfikia muuguzi, anaweza kuulizwa mume yuko wapi, au kuambiwa hajazaa bado hivyo njia hii si yake.

Hakuna mwongozo unaosema hivyo. Miongozo ya Taifa ya uzazi wa mpango inasema mwenye umri wa kuzaa, wakiwemo vijana, ana haki ya taarifa na huduma bila kujali kama ameoa au ameolewa wala kama ameshazaa. Katika vituo vya Serikali njia hizo hutolewa bila malipo. Muuguzi anayeuliza cheti cha ndoa anatumia hisia zake, na hisia zake anaruhusiwa kuwa nazo nyumbani kwake.

Kuhusu njia zenyewe, nitasema machache kwa sababu uvumi ni mwingi. Sindano hufanya kazi miezi mitatu. Vijiti vya mkononi hufanya kazi miaka mitatu au mitano kutegemea aina. Kitanzi cha shaba huzidi miaka kumi. Hakuna hata kimoja kinachoharibu kizazi. Sindano huweza kuchelewesha kushika mimba kwa miezi kadhaa baada ya kuacha, na hedhi huweza kuvurugika, jambo ambalo mhudumu anapaswa kulisema mapema. Likisemwa mapema halimtishi mtu. Kondomu ndiyo pekee inayokinga mimba na magonjwa ya zinaa kwa pamoja.

Na P2, ambayo vijana wa Mtwara mjini wanainunua kama soda. Ni kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, cha kumezwa mapema kadiri inavyowezekana baada ya tendo, ndani ya saa 72. Kinachelewesha yai lisitoke. Mimba ikishatunga hakiitoi. Kukitumia mara moja moja hakumfanyi mtu tasa, ila kukitegemea kila wiki ni kujidanganya, kwa sababu nguvu yake ya kuzuia mimba ni ndogo kuliko sindano au vijiti, hedhi itavurugika, na VVU hakivizuii hata kidogo. Anayerudi dukani kila Jumatatu anahitaji mtu wa kumwelekeza kliniki kwa upole. Muuza duka la dawa muhimu angeweza kuwa mtu huyo.

Jambo gumu kuliko yote kusemwa ni utoaji mimba. Sheria ya Tanzania inauruhusu pale tu ambapo ni lazima ili kuokoa maisha ya mama. Lakini jambo ambalo kila binti na kila mama yake anapaswa kulijua ni hili: mimba ikiharibika, kwa namna yoyote ile, matibabu ya kumwokoa ni huduma halali, na kituo cha afya kinapaswa kumtibu. Wanaokufa mara nyingi hufa kwa kuchelewa, wakiwa wamefungiwa ndani na homa kwa kuogopa polisi. Damu nyingi, homa, harufu mbaya: mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Kuhusu VVU, mpaka mwaka 2019 aliye chini ya miaka 18 alihitaji ridhaa ya mzazi ili kupima. Novemba mwaka huo Bunge lilirekebisha sheria, na sasa mwenye miaka 15 anapima kwa ridhaa yake mwenyewe. Kujipima nako kukaruhusiwa. Ni mfano mzuri wa Bunge kushusha kikwazo kilipoonekana kinaua.

Chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Tazama umri huo. Ni umri uleule ambao wali wanawekwa ndani.

Saa 72

Aliyebakwa, wa kike au wa kiume, ana dirisha dogo la muda na ndiyo sababu nalitenga peke yake. Dawa za PEP za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba nacho kina saa zake. Asioge, nguo zisifuliwe, zitunzwe kwenye mfuko wa karatasi au khanga safi. Fomu ya polisi, PF3, inahitajika kwa kesi, lakini mgonjwa aliye katika hali mbaya hapaswi kuachwa kwa kukosa karatasi. Kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto ndicho cha kukimbilia, na simu ya mtoto, 116, hupigwa bure. Kikao cha wazee kinaweza kufanyika baadaye wakitaka. Saa 72 hazingoji kikao.

Nani aanze

Sheria ya Ndoa ni ya Bunge, na wabunge wa Mtwara na Lindi wanaweza kuulizwa mikutanoni msimamo wao, kwa jina la jimbo na kwa kifungu. Swali likiulizwa na vijana kumi katika kata tofauti halitapotea. Mengine hayahitaji Dodoma. Zahanati inaweza kutenga alasiri moja kwa wiki kwa vijana, wakati benchi la kliniki liko tupu; uamuzi huo uko ndani ya uwezo wa mganga mfawidhi na kamati ya kituo. Kijana aliyenyimwa huduma anaweza kumwona mganga mfawidhi, akishindwa amwone mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa wilaya, na juu yake yupo Mganga Mkuu wa Wilaya. Akiwa karibu na mji, hospitali za mikoa za Ligula na Sokoine zinamfaa kuliko kukaa kimya.

Na wali wa mwaka huu bado hawajaingia ndani. Likizo ya Juni ndiyo yenye ngoma nyingi baada ya mavuno. Mwezi wa nne manyakanga wa kijiji wanafahamika, wazazi wenye mabinti wanafahamika, na muuguzi wa zahanati ana orodha ya waliokosa chanjo. Mwenyekiti wa kijiji akiwaita watu hao watatu meza moja, mambo ya kukubaliana ni matatu: asiyevunja ungo asubiri, chanjo itolewe kabla ya siku ya kuingia, na muuguzi apewe jioni moja na wali, na kungwi akiwa ameketi pembeni yake, aeleze mzunguko wa hedhi, mimba, magonjwa na namba ya 116. Wimbo wa kukumbukia namba hiyo makungwi watautunga wenyewe.